Siku Mheshimiwa Alipozindua Taka Zetu

Mwanangu, kuna Ijumaa moja ambayo bado hunijia kichwani, hata nikiwa napiga pasi, na ikinijia nacheka peke yangu. Nakuita mwanangu ingawa nimekuzidi miaka michache tu. Usikasirike. Pale Free Area, mtaani kwetu Nakuru, tulivyolelewa, aliyekutangulia kumaliza shule ana ruhusa ya kukushauri, na hata usipomwomba atakushauri.

Nilikuwa nimemaliza chuo. Digrii ya mazingira iko kabatini, kazi hakuna. Mama Njeri, mwenyekiti wa kikundi cha wakazi, alisema siwezi kukaa bure na nimesomeshwa, akanifanya katibu. Basi wasiwasi wangu wote wa kutafuta kazi nikauhamishia kwenye mtaro.

Mtaro wenyewe ulipita nyuma ya nyumba zetu, wazi, kingo zimebomoka. Juu yetu kulikuwa na magereji na vibanda vya kuchinjia kuku, na kila kilichotupwa huko kilitupitia kwanza sisi kabla ya kuendelea na safari yake kuelekea ziwani. Mvua kubwa ikinyesha, mtaro ulifurika. Msimu uliotangulia maji yaliingia kwa Mama Njeri mpaka mjukuu wake akalazwa juu ya meza. Tulilalamika na kulalamika, hadi kamati ya mazingira ya bunge la kaunti, ile inayokagua kama idara ya kaunti inafanya kazi yake, ikakubali kuja kujionea. Wakiona hali ilivyo, wangeisukuma idara ijenge mtaro kabla ya masika. Wasipoona, tungengoja zamu nyingine, na mvua haingengoja nasi.

Sasa sikiliza tulichofanya. Tulisafisha.

Wewe umekulia huku, hutashangaa. Mgeni anakuja, tena mheshimiwa, halafu akute nepi zimelala mtaroni? Asubuhi na mapema Mama Njeri alipita mlango kwa mlango akigonga sufuria. Watu wakatoka na majembe, makarai na gambuti. Redio ikawekwa dirishani. Baba Chebet, ambaye hata kuosha kikombe chake hajawahi kuonekana, aliingia mtaroni akiimba, na wanawake wakamwitikia kutoka ukingoni huku wakimtania kwamba mke wake asione, atamwongezea kazi. Taka zote zikarundikwa nyuma ya nyumba ya Mama Njeri na kufunikwa turubai la buluu. Sijawahi kuona mtaa wetu una furaha hivyo. Na mimi nilikuwa katikati yao, nasukuma wilbaro.

Nilikuwa nimeona tunakoelekea. Nikataka kusema. Lakini nikafikiria: Mama Njeri atavunjika moyo. Kisha nikafikiria: labda nakosea, labda kamati ina picha tayari. Kisha: wataniona najifanya msomi. Kisha nikafikiria kama nianze na "samahani" au na "naomba kuchangia", na nilikuwa bado hapo kwenye "samahani" gari la kaunti lilipoegeshwa.

Kamati iliongozwa na mheshimiwa mmoja mwanamke, mcheshi, amevaa viatu vyeupe. Akatembea kando ya mtaro, akautazama juu na chini.

"Kusema kweli, hapa mmetushinda," alisema. "Mitaa mingine ije ijifunze kwenu."

Watu wakapiga makofi. Mama Njeri alipiga kuliko wote, masikini, akiyashangilia maji yatakayomrudia nyumbani. Karani wa kamati akaandika kitu kifupi, akafunga kalamu. Chai ikamiminwa.

Nilikuwa nimeketi karibu na Bibi Mwanaisha, jirani yetu mzee ambaye wazazi wake walikuja Nakuru kutoka pwani enzi za reli. Aliona sinywi, akaniuliza kuna nini. Nikamnong'oneza yote, pamoja na sababu za kusema, sababu za kunyamaza, na hofu ya kila upande. Alinisikiliza akimega mahamri.

"Umemaliza?"

"Bado, Bibi. Kuna upande mwingine."

"Hao watu watamaliza chai kabla hujamaliza pande zako," akasema. "Na haya yote unaniambia mimi. Mimi ndiye kaunti? Mimi hujenga mitaro? Simama, mwanangu."

Nikasimama na kikombe mkononi. Sentensi zote nilizopanga zilikuwa zimetoroka, ikabaki moja.

"Mheshimiwa, hapa pamesafishwa leo asubuhi kwa sababu yenu. Taka zenyewe ziko nyuma ya nyumba ya Mama Njeri, chini ya turubai."

Baba Chebet akasema polepole, "Huyu msichana ametuuza." Mama Njeri alinitazama mpaka nikaanza kupanga kuhamia kwa shangazi yangu kule Bahati, na kujiuliza kama kwake kungekuwa na nafasi ya godoro. Kisha akageuka, akatazama mlango wa nyumba yake kwa muda. Akaweka kikombe chini, akakaza leso kiunoni.

"Mheshimiwa," akasema, "nyinyi mnapenda sana kuzindua vitu. Njoo uzindue hii."

Kicheko kilichotoka pale, nadhani kilisikika hadi barabara kuu. Mheshimiwa naye alicheka, akauliza utepe uko wapi. Akaambiwa utepe tumekosa, atumie mikono. Tukaandamana wote kuzunguka nyumba, yeye akapewa pembe ya turubai, na watu wakahesabu kwa sauti moja kama watoto. Akavuta.

Harufu ilimfikia kabla ya macho kuona. Manyoya, matumbo ya kuku, nepi, chupa, nusu ya godoro, vyote vimelowa oili nyeusi. Akaacha kucheka. Akauliza vinatoka wapi, na sasa kila mtu akawa na la kusema. Hata waliokuwa wamenikasirikia walikuwa wakinikatiza. Tulimpeleka juu mpaka magerejini. Viatu vyeupe havikurudi vyeupe, na Bibi Mwanaisha ilibidi amwazime malapa.

Idara iliitwa ikajieleze. Kabla ya masika mtaro ulijengwa kwa mawe na kufunikwa, na wenye magereji na vibanda wakaamriwa wazoe taka zao. Mmoja bado hujaribu kumwaga, nasi bado hupiga simu. Mvua ya kwanza ilipokuja, Mama Njeri alitoa kiti nje barazani kwake, akatuita, tukakaa tukitazama maji yakienda zake.

Kwa hivyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kaunti imepewa macho ya kukagua, lakini huona tu kile tulichokiacha wazi. Siku kamati ikija kwenu, wapikieni, waimbieni, ila mtaro uacheni ulivyo. Na kama wewe ni mtu wa kichwa kisichopumzika, kama changu, usikingoje kimalize. Sema sentensi moja ya kweli mbele ya anayehusika. Zilizobaki majirani watakusaidia.

Mungu akujalie ulimi unaoamka mapema, na watu watakaokucheka bila kukuacha, na kazi uliyosomea isichelewe kukupata.