Swali la Mzee wa Vitanda

Kitanda chenyewe hakina kosa. Nalisema mapema kwa sababu kila ninayemsimulia habari hii hukimbilia kulaumu mashine, nami sipendi uongo unaonipendelea. Tulikichagua vizuri. Kimefanya kazi miaka mitatu, kimebadilishwa taa mara moja tu, na kifuniko chake bado kinapanda na kushuka bila kulia. Aliyekosea ni mimi.

Ilikuwa mwaka 2016, Rosettenville, kusini mwa Johannesburg. Dada yangu mkubwa alikuwa na saluni ya viti vinne, nami nilifanya kazi kwake. Nilimwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu kwetu Lubumbashi. Mama alipofariki nilikuwa na miaka saba na yeye ishirini, akasuka vichwa vya watu ili mimi nikae darasani. Hata tulipofika Afrika Kusini na kubanana chumba kimoja kule Troyeville, alinilipia masomo ya Kiingereza wakati yeye anarudi nyumbani vidole vimevimba. Kwa hiyo Kiingereza changu ni mali yake. Nilimsemea kwa mwenye nyumba, benki, na kwa wateja. Yeye alikuwa na Kiswahili, Kifaransa, na maneno ya Kiingereza ya kutosha kumuuliza mtu anataka kukatwa kiasi gani.

Wateja wetu wengi walikuwa Waafrika wenzetu, lakini mtaa ule una Wareno wa siku nyingi, na wanawake wao walikuwa wakija kwetu kupaka nywele rangi. Baridi ilipoanza walituuliza kama tuna kitanda cha taa, kile ambacho mtu hulala katikati ya taa za juu na za chini, kama mkate ndani ya oveni, ngozi ikapata rangi ya jua. Saluni iliyokuwa nacho ilikuwa imefungwa. Mabibi harusi walikuwa wanakwenda mbali kukitafuta. Chumba cha nyuma tulikuwa nacho, kimejaa ndoo na mataulo yaliyochakaa. Yaya akasema tununue, ila tununue kitu cha kudumu, maana alichukia vitu vya kutengeneza kila mwezi kuliko alivyomchukia shetani.

Hakuwa mtu wa kununua kwa macho. Dawa yoyote mpya ya nywele ilianza kichwani kwake mwenyewe, kishungi kidogo nyuma ya sikio, kabla haijamgusa mteja. Nilipomwambia kwamba vitanda hivi vina vitabu vya maelezo, tunaweza kusoma tu, alinitazama kama mtoto aliyejibu vibaya.

“Siwezi lalisha mutu fasi mimi mwenyewe sijalala,” akasema; fasi kwetu ni mahali.

Sasa niseme jambo ambalo nyumbani kwetu halikuwa na jina. Yaya alikuwa anajichubua. Alianza kabla hatujatoka Lubumbashi, akaendelea Johannesburg kila wiki bila kukosa. Jumamosi alasiri aliniambia, “Nileteye kile kikopo,” nami nikaleta kopo la siagi lililooshwa, nikavaa glavu, nikakoroga krimu tatu za dukani pamoja na ile ya kwenye mrija ambayo mama mmoja sokoni aliiuza chini ya meza. Mimi ndiye niliyekoroga. Yeye alipaka. Hatukuwahi kusema tunafanya nini, wala kwa nini vifundo vya vidole vyake vilibaki vyeusi uso ukizidi kuwa mwekundu, wala kwa nini jua la saa sita lilimfanya avuke barabara kutafuta kivuli. Angekuwa rafiki yangu ningemsema mpaka akome. Lakini mtu aliyekulea humwambii habari za uso wake.

Tulikwenda kutafuta kitanda siku ya Jumatatu, siku ya saluni kufungwa. Cha kwanza kilikuwa kwenye jimu iliyokufa. Kilikuwa kikubwa na kizito, na mimi, kwa akili zangu za kudhani chuma kizito ndicho chuma kizuri, nilikipenda papo hapo. Yaya akapitisha kiganja juu ya ile plastiki ngumu ya kulalia, akaonyesha nyufa nyembamba kama nywele, akatoka nje bila kuuliza bei. Cha pili kilikuwa kipya kabisa, dukani, kinang’aa. Akakishika kifuniko, akakiinua na kukishusha mara kumi huku muuzaji akikunja uso, mpaka bawaba ikaanza kulia. Tukaondoka pale pia.

Cha tatu kilikuwa kwa mzee mmoja Mzungu, mstaafu, aliyevinunua vitanda vibovu na kuvifufua kwenye gereji ya nyumba yake. Yule mzee nilimpenda. Hakutusukuma. Alitueleza kwamba taa huwaka hata baada ya nguvu yake kwisha, kwa hiyo tusihesabu mwanga bali tuhesabu saa ilizotumika, na kwamba kinachoua vitanda vingi ni feni dhaifu. Nilikuwa namfasiria yaya, naye alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa furaha, kwa sababu kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa amekutana na fundi mwenzake.

Akasema anataka kulala. Mzee akampa miwani midogo ya kuziba macho, kisha akanigeukia mimi. Akauliza kama dada yangu anatumia dawa yoyote, au krimu yoyote usoni. Kama anatumia, alisema, asilale.

Nikajibu hapana.

Sikufasiri. Sikumgeukia hata yaya. Neno lilitoka haraka, kama mtu anayeziba mlango kwa mgongo wake. Ningemwambiaje, mbele ya mwanamume tusiyemjua, jambo ambalo mimi na yeye hatujawahi kulitamka tukiwa wawili jikoni? Niliona namlinda. Nilijiona hata nina akili.

Mzee alishauri dakika chache tu, kwa kuwa ni mara ya kwanza. Hilo nililifasiri. Yaya akakataa. Alisema kikaushio cha nywele kibovu hujificha dakika kumi za mwanzo, ukikizima mapema hutaijua homa yake, kwa hiyo anataka kipindi kizima ambacho mteja atakilipia. Mzee akasitasita, akanitazama mimi, nami nikamwambia aache tu, huyu akiamua ameamua. Akaweka dakika ishirini.

Nilisimama pale nikitazama saa ya kitanda ikishuka. Nilikuwa na dakika ishirini za kufungua mdomo, na nilizitumia kusikiliza feni. Ilikuwa feni nzuri.

Yaya alitoka anacheka. Alisema ni mara ya kwanza tangu Aprili kuhisi joto mpaka mifupani. Akampa mzee mkono, tukalipa, na njiani kwenye robot, zile taa za barabarani, tukisubiri nyekundu itoke, akaniambia kitanda kile kitatuzika sote kikiwa kizima.

Jioni ile uso ulianza kumuwaka. Jumatano, siku kitanda kilipoletwa, alikuwa amelala chumbani na taulo la maji usoni, mimi ndiye niliyewaonyesha wabebaji pa kukiweka. Ngozi ya mashavu na ya chini ya macho ilitoka. Kliniki, nesi alisema eish, kisha akauliza anatumia nini usoni. Nilikuwa navuta pumzi nifasiri, safari hii nifasiri kweli. Yaya akanitangulia, kwa Kiingereza chake mwenyewe: krimu, miaka mingi. Alikuwa amelielewa swali vizuri kabisa. Nilitazama sakafu ya kliniki mpaka tukaruhusiwa kuondoka.

Majeraha yalipona. Rangi haikupona. Palipotoka ngozi paliingia weusi wa majivu, mabaka mabaka, na kati yake ile rangi nyekundu ya zamani. Kopo la siagi nililitupa mimi, naye hakuliulizia tena. Alianza kuvaa kitambaa mpaka kwenye nyusi na miwani myeusi ndani ya saluni yake mwenyewe. Siku moja bibi harusi mmoja aliniomba, kwa sauti ya chini, kama inawezekana atengenezwe na mtu mwingine. Yaya alikuwa hatua tatu kutoka pale, ameshika kitana. Akakiweka mezani, akaenda chumba cha nyuma kufuta kitanda cha taa ambacho kilikuwa safi. Nilimhudumia yule bibi harusi. Ningemfukuza, lakini nilimhudumia, na hilo nalo sijajisamehe.

Mwaka 2018 akasema anarudi nyumbani. Saluni akaniachia mimi. Nilimsindikiza Park Station kupanda basi la Lubumbashi, tukakaa juu ya mabegi tukingoja, na hapo ndipo aliposema, bila kunitazama.

“Ule muzee aliuliza krem.”

“Ndiyo, yaya.”

“Nilisikia. Krem ni krem, ata kwetu. Nilingoja ugeuke uniulize.”

Nikamwambia kweli, kwamba niliona haya kwa ajili yake. Akakunja na kukunjua tiketi.

“Na mimi niliona haya kwa ajili yako,” akasema. “Weye mwenyewe njo ulikuwa unanikorogea.”

Akavua miwani kunikumbatia, kisha akaivaa tena na kupanda basi.

Siku hizi simlazi mteja kitandani kabla sijamuuliza lile swali, naye ajibu kwa mdomo wake. Mwaka huu wa 2019 alikuja mama mmoja Mreno kulala, na binti yake wa kumfasiria, mama hajui Kiingereza. Niliuliza, binti akajibu hapana papo hapo, bila hata kugeuza shingo. Nikamwambia amuulize mama. Akakasirika, akasema anamjua mama yake. Nikasema sitawasha. Akauliza, na yule mama akainamisha macho, akasema kitu kwa sauti ndogo. Niliwarudisha nyumbani. Binti alitoka ananitukana, na huenda walikwenda kulala kwingine, sijui.

Nikafunga chumba nikampigia yaya simu ya video. Hupokea daima, lakini simu huilaza mezani ikatazama juu. Nilimsimulia. Akasema nilifanya vizuri. Kisha akauliza habari za kitanda, kama anavyouliza kila mara, kama bado kinawaka.

“Kinawaka, yaya. Geuza simu basi nikuone.”

“Tulichagua kizuri,” akasema.

Dari ya chumba chake ina doa la mvua upande wa dirisha. Nalijua doa lile vizuri sasa. Uso wake sijauona tangu Park Station.