Hisa Iliyonona

Watu wakishajua kwamba unanunua hisa, wanadhani una njia ya mkato uliyowaficha. Hapa Lodwar nimeulizwa "ninunue gani?" kwenye foleni ya maji, kanisani kabla ya sadaka, na mara moja na daktari wa meno aliyekuwa na koleo lake mdomoni mwangu. Nimechoka kujibu. Jibu lenyewe ni fupi na halijawahi kumfurahisha mtu: tazama kwanza ni sekta gani inayopanda kwa jumla, iwe benki, saruji au umeme. Kisha ndani ya sekta hiyo tafuta kampuni inayoongoza, ile ambayo nyingine zikipanda hatua moja yenyewe inapanda mbili, na siku za kushuka inashuka mwisho. Nunua hiyo. Ni ghali, ndiyo. Nunua hivyo hivyo.

Mtu akisikia neno ghali, macho yake yanahama. Na ile ya bei ya chini je? Siwalaumu, kwa sababu sisi tumelelewa na mifugo. Ukame ukikaribia kuisha, mwenye akili huenda sokoni akachagua mbuzi aliyebaki mifupa, akamnunua kwa bei ya kutupa, akangoja mvua. Baba yetu alifanya hivyo miaka yote kule Kaikor, na mimi nikasomeshwa na mbuzi hao. Shida ni kwamba hisa haili majani. Ikikonda wakati wenzake wananenepa, mara nyingi kampuni yenyewe ni mgonjwa, na mvua iwe nzuri kiasi gani haitaiponya.

Zamani nilikuwa naeleza haya kwa bidii, hata kwa kuchora. Siku hizi natoka kazini, idara ya maji, baada ya kutwa nzima ya kupigiwa simu kuhusu pampu zilizokufa, na maneno machache yanayobaki nawawekea wanangu.

Basi dada yangu mkubwa akapiga simu kutoka Kakuma. Kwa miaka mingi alikuwa mfanya usafi katika zahanati moja ya kambi ya wakimbizi. Misaada ilipopunguzwa, zahanati nayo ikapunguza watu, naye akapewa malipo ya mwisho na cheti cha shukrani. Hakulia. Alisema pesa ile ni ya kitinda mimba wake, binti aliyekuwa ameitwa chuo cha uuguzi. Masomo ni ya miaka mitatu, na malipo yale yangemlipia karibu miwili. Alitaka nimzalishie huo wa tatu.

Nilimwambia pesa ya karo haipelekwi soko la hisa. Inaweza kupotea.

"Sasa niweke wapi?" akauliza. "Nikinunua mbuzi, kiangazi itamaliza. Nikiweka kwa nyumba, watu ya nyumbani watamaliza. Wewe ndio unajua hiyo maneno."

Jumamosi nikaenda kwake. Tulitoa kwanza karo ya mwaka mzima, hiyo sikutaka mjadala. Kisha nikamwonyesha kwenye simu jinsi benki zote zilivyokuwa zikipanda, na ile moja iliyokuwa mbele yao. Akaitazama kwa heshima, kama mtu anayepita duka lisilo la saizi yake. Halafu akaweka kidole kwenye benki ndogo ya chini kabisa.

"Hii hisa moja ni bei ya soda. Na pesa yangu napata mingi."

"Mingi ya nini, dada?"

"Mingi tu. Ukiwa na mbuzi mingi, hata zingine zikikufa, kunabaki."

Nikajaribu lugha yake. Nikamuuliza, tulipokuwa tunahama, mbuzi gani alikuwa akifika kisimani wa kwanza? Yule wa mbele, akasema. Basi huyo ndiye ninayetaka tununue, nikasema. Akacheka mpaka akafuta macho.

"Na baba alikuwa anauza gani ya kwanza? Si ni hiyo hiyo?"

Nikacheka pia, na nilipocheka nilikuwa nimeshindwa. Tukagawa pesa: nusu kwa inayoongoza, nusu kwa konda yake.

Benki zilipanda kweli. Inayoongoza ilikwenda mbio hadi nikaanza kuifungua kwa jicho moja, nikiogopa. Ile konda ilijitikisa kidogo katika wiki za kwanza, ikalala. Mwaka wa pili wa binti ulipofika, tulihitaji kuuza. Mimi nilikuwa na mpango: tuuze konda yote, tukate kipande tu cha inayoongoza, na kilichobaki kiendelee kukimbia. Kilichopungua ningeongeza mimi. Nilimpigia kueleza, nimesimama nje ya ofisi, jioni ambayo nilikuwa nimelaumiwa tangu asubuhi kwa sababu ya pampu ya Lokitaung.

"Hapana," akasema. "Mbuzi yenye imenona ndio unapeleka soko. Ile konda unaacha ikule. We ulisomeshwa na mbuzi gani, za kukonda?"

Nikaanza kueleza. Akanikata. Nikaanza tena, akaniita mtoto wa ofisi, akasema pesa ni yake na jasho ni lake. Ningeweza kuendelea. Ningeweza kupanda gari asubuhi nikaketi naye mpaka aelewe, kwa kuwa dada yangu si mjinga, ni mbishi tu, na ubishi wake huwa unaisha baada ya chai ya pili. Lakini nilikuwa nimechoka hata na sauti yangu mwenyewe. Nikasema sawa.

Inayoongoza iliuzwa palepale, wanunuzi walikuwa wamepanga foleni. Ikalipa karibu mwaka wote wa pili, kilichopungua nikaongeza mimi. Baada ya hapo ikaendelea kupanda bila sisi, na mimi nikaacha kuitazama.

Mwaka wa tatu ulitukuta na konda peke yake. Kampuni ilikuwa imetangaza hasara. Niliiweka sokoni, hakuna aliyeitaka. Nikateremsha bei, nikateremsha tena. Mbuzi konda angalau hupata mtu wa supu. Ilipouzwa hatimaye, kilichopatikana hakikutosha hata muhula mmoja, na mimi nina wawili sekondari, mshahara umeshagawanywa kabla haujaingia.

Binti akaahirisha masomo. Sasa yuko Kakuma na mama yake, wanakaanga mandazi karibu na barabara inayoingia kambini. Nilipowatembelea alinikaribisha kwa furaha, akaniletea kiti. "Ejoka, salama tu, mama mdogo. Usijali, nitarudi tu." Alikuwa amebakiza mwaka mmoja awe muuguzi, na alikuwa ananifariji mimi. Niliona aibu iliyonifanya nishindwe kumtazama.

Alipokwenda kuongeza kuni, dada yangu alizungumza bila kuinua macho kwenye karai.

"Ile konda. Ulikuwa unajua haitanenepa?"

"Nilijua."

"Na mbona hukukataa?"

Nilikuwa na majibu mengi ya haki. Pesa ilikuwa yake. Aliniita mtoto wa ofisi. Nilieleza, akanikata. Yote ni kweli.

"Nilikuwa nimechoka, dada."

Akageuza mandazi, moja moja, mpaka yakaisha.

"Hata mimi nilikuwa nimechoka," akasema. "Ndio maana nilikupatia wewe."