Chaguo la Kwanza la Leokadia

Hapakuwa na mtu katika mji mdogo wa Orlowka, kule kwenye tambarare za Saskatchewan, aliyejua kusema uongo ukanona kama Leokadia Sawchyn. Wengine husema uongo kisha wakatafuta pa kujificha. Yeye aliusema mchana kweupe, akaupaka siagi, akamkatia kila mtu kipande chake. Ndiye aliyesimulia kwamba mwaka ule wa upepo marehemu mumewe, Stanko, alipanda ngano shambani kwake ikaenda kuota kwa shemeji yake mkoa wa jirani, na shemeji, asivyo na haya, akapiga simu kushukuru na kuuliza kama mwakani wangempandia shayiri. Ndiye aliyesema kuna baridi moja ilikuja kali hata kivuli chake kikagandia ukutani mwa zizi, akaishi bila kivuli mpaka mwezi wa nne.

Watu walicheka, wakamwongezea kahawa. Hakuna aliyemwamini, na hilo halikumuuma hata kidogo, mpaka Juni ile alipotaka kuaminiwa kwa neno moja tu.

Kahawa ilinywewa kwa Delphine, kwenye mgahawa wa kituo cha mafuta kando ya barabara kuu. Dirishani palikuwa na meza ya duara, na meza hiyo ndiyo ilikuwa bunge la Orlowka. Alikaa Wendell Krahn, aliyesimamia maghala ya ngano mpaka akastaafu, mtu wa miwani na karatasi. Alikaa Orville Tkach, mkulima mwenye ulimi wa pilipili. Alikaa Anselm, aliyeendesha ile mashine ya kulainisha barafu uwanjani kwa maisha yake yote, akizunguka na kuzunguka, na labda ndiyo maana hakuweza kushika upande mmoja wa mjadala. Kiti cha nne kilikuwa cha Stanko. Alipofariki, Leokadia alikikalia kabla maua ya kaburini hayajanyauka, wala hakumwomba mtu ruhusa.

Usidhani alikipendea kahawa. Nyumbani kwake kulikuwa na redio, paka na upepo, na jirani wa karibu alikuwa taa tu, mbali huko. Lakini asipotokea mezani asubuhi, Delphine angepiga simu, na simu isipopokewa, Orville angewasha gari akaenda kumtazama. Hicho ndicho kiti kilikuwa. Ukiwa nacho, kuna mtu anajua kama uko hai.

Sasa, kila Juni, ligi kuu ya hoki ya barafuni inapokaribia siku yake ya kuchagua vijana wapya, meza hiyo nayo ilifanya uchaguzi wake. Kila mmoja alitaja kijana mmoja. Ambaye kijana wake anaitwa mapema na vilabu ndiye mshindi, na ambaye wake anaitwa mwisho ameshika mkia. Mshika mkia ndiye huchagua wa kwanza mwaka unaofuata, kama ligi yenyewe inavyofanya, ili mnyonge apate pa kushika. Ila Wendell alikuwa amezua sheria nyingine: ukishika mkia mara tatu mfululizo, unatoka mezani na kiti anapewa anayengoja.

Aliyekuwa akingoja ni Clarence, shemeji yake Wendell. Alikaa meza ya mlangoni, karibu na choo, akikikodolea macho kiti cha Leokadia kama fisi anayemfuata mtu akitumaini mkono utadondoka.

Na Leokadia alikwisha kushika mkia mara mbili.

"Lakini Mungu hamtupi mja wake," Orville alimwambia juma lile. "Chaguo la kwanza ni lako, bibi. Taja Rourke, kiti chako kimesalimika."

Kweli, Tavish Rourke wa Ontario alikuwa wa kwanza kwenye kila orodha. Hata mtoto mchanga angemwelekezea kidole.

"Rourke wa kwanza, hilo halina ubishi," alisema Wendell, kidole kikitembea juu ya karatasi. "Wa pili ni Elof, yule Msweden."

"Msweden gani, bwana! Yule akiguswa bega anamwita mama yake. Mimi namweka wa saba."

"Wa saba? Orville, wewe mwaka jana si ndiye uliyesema yule golikipa atakuwa wa pili? Mpaka leo anatafutwa!"

"Alikuwa anaumwa goti!"

"Kila mtu ana goti!"

Anselm alikubaliana na Wendell, akakubaliana na Orville, kisha akaomba sukari.

"Mmemaliza?" Leokadia aliuliza. "Wa kwanza ni Kasper."

Orville aligonga meza kwa furaha. Hilo walilisikia majira yote ya baridi. Kasper Lozinski alikuwa beki, kijana wa hapo hapo Orlowka, mrefu kama ngazi, na wasaka vipaji wa ligi walikuwa wamemtupa nafasi ya mia moja na kumi na mbili, huko chini ambako wino wenyewe huonekana umechoka.

"Kasper? Mama wee, yule anateleza kama mtu aliyevaa ndoo miguuni!"

"Paka akikaa kwenye mlango wa shimo la panya, umewahi kumwona akikimbia?"

"Paka hachezi hoki, bibi."

"Basi fumba mdomo ufumbue macho. Mtazame adui anayekuja upande wa Kasper. Anakuja na kisahani chake cha mpira kwenye gongo, amejaa maringo. Kasper hamgusi. Anasogea kidogo tu, anamwachia njia. Yule anaifuata, anafurahi, mpaka anapofika ukutani ndipo anajua ile njia ilikuwa ya kumpeleka jela. Na bado anadhani amekwenda kwa hiari yake! Kumnyang'anya mtu ni nguvu. Kumfanya akuletee mwenyewe, hicho ndicho kipaji."

Hata Wendell aliinua macho kwenye karatasi yake.

"Umesema vizuri sana," Orville alisema. "Sasa tupe na ile ya kivuli."

Wakaangua kicheko, na Delphine jikoni akacheka nao. Leokadia alicheka pia, maana ndiyo desturi yake, lakini aliacha kabla yao.

Siku mbili baadaye alikuwa akijaza mafuta gari lake bovu, mara akaja Kasper mwenyewe, mavumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa anatoka kuokota mawe shambani kwa baba yake, maana kule mawe huota kila mwaka bila kupandwa.

"Bibi Leokadia, nakuomba kitu. Usinitaje."

"Nisikutaje wapi?"

"Mezani. Wananicheka, bibi. Wenzangu wananiita Chaguo la Kwanza. Hata mama amesema nikuombe. Mtaje Rourke, ubaki na kiti chako."

"Umewahi kucheza na huyo Rourke?"

"Mara moja. Kwenye mashindano ya vijana."

"Alifunga mangapi?"

Kijana alitazama viatu vyake. "Hakufunga."

"Kwa nini?"

"Siku yake ilikuwa mbaya."

Leokadia alicheka mpaka akalishika gari asianguke. "Siku yake ilikuwa mbaya! Na wewe siku hiyo ulikuwa wapi, sokoni?"

"Bibi, mimi nakwambia kwa faida yako..."

"Sikukuuliza, mwanangu. Kazi yako ni kucheza. Kukupanga ni kazi yangu. Haya, nenda, mawe yanakungoja."

Siku ya meza kuchagua, kwa Delphine kulijaa pomoni. Hata watu wasiotofautisha gongo na fagio walikuja kusimama ukutani. Orville alijaribu bahati yake ya mwisho.

"Nikomboe, bibi. Nipe chaguo la kwanza, nami nitakuondolea theluji mlangoni majira yote ya baridi."

"Theluji yangu tumezoeana."

"Taja, Lodzia," alisema Wendell kwa upole. Lodzia ndilo jina walilomwita waliomjua tangu usichana. "Na ufikiri."

Alikuwa amekwisha kufikiri. Alifikiria redio, paka na upepo. Alijua vizuri kwamba jina moja tu, jina rahisi, lingemwacha pale dirishani hadi mwakani. Lakini alikuwa amesema majira yote ya baridi, mbele ya watu, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tena palikuwa na jambo jingine: alikuwa na hakika. Katika umri wake wote alikuwa amepata hakika ya mambo machache sana, na mengi yalihusu mapishi.

"Kasper Lozinski," alisema. "Beki. Wa Orlowka."

Kule mlangoni, Clarence alikitua kikombe chake taratibu, kama mtu anayeanza kufunga mizigo.

Wendell alimchukua Rourke kwa haraka, kabla bibi hajabadili nia. Orville, baada ya matusi yote yale, alimchukua Msweden. Anselm alimchukua golikipa mmoja wa Finland, kisha akaulizia kama anaweza kuwa na wawili.

Ijumaa jioni televisheni ya Delphine ikawaka. Rourke akaitwa wa kwanza, akavaa jezi, akambusu mama yake. Msweden hakukawia kumfuata. Jumamosi wakaendelea na raundi zilizobaki, na yule Mfini wa Anselm akaitwa mapema. Leokadia alikaa wima kwenye kiti chake, mkoba mapajani. Majina yalipita. Walipita Warusi, wakapita Wacheki, akapita kijana mmoja wa Alberta ambaye Orville aliapa kwamba hajui kufunga kamba za viatu. Raundi zikaisha. Watangazaji wakashikana mikono, na nyuma yao watu wakaanza kukusanya viti.

Kasper hakuitwa. Hakuitwa hata wa mwisho kabisa.

Orville mwenyewe, mtu wa maneno, alimsogezea bibi sukari.

Wendell alivua miwani. Si mtu mbaya Wendell, ni mtu wa sheria tu. "Lodzia," alisema, "sisi tunakujua. Wewe ni mtu wa masihara. Sema tu kwamba ilikuwa moja ya zile hadithi zako. Tutaufuta mwaka huu, usihesabiwe, na kiti utabaki nacho."

"Sema, bibi," Orville alimsihi. "Neno moja tu. Tucheke sote, yaishe."

Kule mlangoni Clarence alitaka kupinga, Delphine akamtolea jicho, akameza.

Ilikuwa rahisi, jamani. Mwanamke yule alikuwa amedanganya kwa ajili ya kipande cha pai. Alikuwa amedanganya kwa ajili ya kuona tu nyusi za padri zikipanda. Uongo mmoja mwingine ungemgharimu nini?

"Orville," alisema. "Umenisikia nikisema uongo tangu hujaota ndevu. Uso wangu ninapodanganya unaujua?"

"Naujua."

"Nitazame sasa. Nitazame vizuri. Kasper Lozinski ni wa kwanza mwaka huu, na wote waliotajwa leo wako nyuma yake. Haya niambie, nadanganya?"

Orville alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu, kisha akayashusha macho kwenye kikombe chake.

"Hapana," alisema. "Hadanganyi."

"Lakini amekosea!" Wendell alilalama. "Vilabu vyote vimempita!"

"Basi vilabu vyote vimekosea. Havitakuwa vya kwanza kukosea, na havijaniomba msamaha." Alisimama. Alichukua kikombe chake kwa mkono mmoja na mkoba kwa mwingine, akaivuka ile sakafu huku watu wakimpisha kama bibi harusi. Njiani akakutana na Clarence akija mbio upande wa pili.

"Usiegemee sana," alimwambia. "Mguu wa nyuma umelegea."

Jumatatu alifika kama kawaida, akakaa meza ya mlangoni. Upepo uliingia na vumbi kila mlango ulipofunguliwa, na harufu ya choo ilikuja bila kubisha hodi. Kwenye meza ya dirishani Wendell alikwisha kufungua karatasi mpya, ya vijana wa mwaka ujao.

Mlango ukafunguka akaingia Kasper. Alisimama katikati kama mtu aliyeingia nyumba ya msiba asiyejua aanze na nani, kisha akaja kwa Leokadia.

"Bibi, umepoteza kiti kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako? Mtazameni na majivuno yake! Nimekipoteza kwa mdomo wangu mwenyewe. Usininyang'anye sifa yangu. Kaa."

Alikaa. Magoti yake yaliinua meza.

"Nilitaka kuacha," alisema kwa sauti ya chini. "Jana nilimwambia baba kwamba nabaki shambani."

"Na leo?"

"Leo nimeamka nimekasirika."

"Wewe umekasirika?" Leokadia alimkagua usoni kama mtu anayekagua yai. "Afadhali. Nilidhani nimepigania mzoga."

"Septemba narudi kucheza. Umri wangu bado unaniruhusu kuchaguliwa mwakani."

"Vizuri. Na mwakani nakutaja tena."

"Mwakani huna chaguo!" Clarence alipaza sauti kutoka dirishani. "Huko mlangoni hakuna chaguo!"

"Nani amekuuliza wewe, mpangaji?" Leokadia alimrudishia, na Orville akacheka hata kahawa ikamtoka puani.

Kisha alimsogezea kijana sahani ya pai ya matunda pori, akageuza kiti kikawaelekea wale wa dirishani, na kwa sauti iliyofika mpaka kwenye pampu za mafuta akaanza kuwapangia orodha ya mwaka ujao, akianzia namba moja.