Maji ya Trauti

Usiku ule sikulala kwa swali moja: nikiuziba mfereji alfajiri, nitakuwa nimefanya kazi yangu au nimeiba maji? Kila jibu nililopata nililipinga mwenyewe.

Nilikuwa na digrii ya kilimo na kazi ya kubeba fimbo za kuvulia samaki. Shirika la umma lililokuwa limeniajiri lilikuwa limeuzwa. Shamba la kahawa juu ya kijiji chetu, mteremkoni mwa Mlima Meru, nalo lilinunuliwa na tajiri mmoja, bosi wangu wa sasa, akaligeuza kambi ya wageni. Walikuja kuvua trauti, samaki wa maji baridi, kwa ndoano zilizofungwa manyoya zifanane na nzi. Trauti hapendi maji haba, na kiangazi kile nusu ya mto iliingia kwenye mfereji wa kijiji.

"Uzibe kabla wageni hawajaamka," bosi aliniambia. "Wewe ni wa hapa, hawatakugusa."

Ubaya ulikuwa hapohapo. Kwetu maji huenda kwa zamu, na siku ya zamu ya mtu mdomo wa mfereji hauguswi na mwingine. Kesho yake, Alhamisi, ilikuwa zamu ya shangazi yangu.

Niliuziba kwa magogo ya migomba na udongo.

Saa mbili, wageni wakiwa tayari mtoni na mimi ukingoni na fimbo zao za akiba, shangazi akatokea na jembe begani, akiufuata mfereji mkavu kutoka shambani kwake.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitika. Aliyatazama magogo, kisha matope kwenye viatu vyangu.

"Chuo kikuu walikufundisha hili?"

"Ni kazi, shangazi."

"Na mimi kule chini nacheza?"

Mgeni mmoja, akiwa majini hadi mapajani, akavuta fimbo yake. Samaki akaruka. Alimchomoa ndoano, akapigwa picha naye, akamrudisha mtoni taratibu kama anayemlaza mtoto.

Shangazi akanigeukia. "Hamli?"

"Hawamli. Ni mchezo."

"Maharage yangu yanakauka ili samaki atobolewe mdomo aachiwe?"

"Mwondoe huyo mama," bosi akasema kutoka ng'ambo ya mto. "Anatisha samaki."

Nikaanza kupiga hesabu zangu za kijinga: nikimwondoa kwa upole, nikimweleza vizuri, nikimwomba asubiri hadi mchana wageni waondoke. Shangazi alisimama tu, akinichukia waziwazi. Niligundua kwamba hata bosi nilimchukia hivyo hivyo, ila yeye nilikuwa nikimwitikia.

Niliziegemeza fimbo za wageni kwenye mti, nikaingia mtoni na viatu.

"Ukiligusa hilo gogo, kambini usirudi," bosi alisema.

Nililing'oa, nikang'oa na la pili. Maji yakageukia mferejini, machafu, yakienda kwa kelele. Shangazi akayafuata, jembe begani. Nikatoka mtoni, nikashuka nyuma yake.