Mkate wa Jaji

Kitabu kile nilikiazima maktaba ya Brooklyn Park, hapa Minnesota, kwa sababu ya unene wake. Kiingereza nimejifunza mwenyewe, kwa kamusi, na nimeona kwamba riwaya nene hufundisha kuliko nyembamba: neno likikupita ukurasa wa kumi, utalikuta tena ukurasa wa themanini.

Ilikuwa riwaya ya giza, ya Uingereza ya karne ya kumi na tisa, enzi za taa za gesi na malkia mwenye nguo nyeusi. Jaji anamhukumu mwizi kunyongwa, kisha anamchukua mtoto mchanga wa mwizi huyo na kumkuza nyumbani kwake. Si kwa huruma. Amebishana na rafiki yake daktari kama tabia ya mtu hutoka kwenye damu au kwenye malezi, na anataka kushinda ubishi.

Mimi kila kitabu nakiandikia kadi. Hiki nilikigawia kadi zenye safu mbili, Damu na Malezi, na kila alichofanya yule mtoto nilikiweka upande mmoja au mwingine.

Siku hizo nilikuwa nikienda kazini, kwenye ghala la Shakopee, na abiria wawili ndani ya gari langu: kijana wa Kikenya, mwanafunzi wa chuo, na mama wa Kikongo kutoka Uvira niliyefunga naye maboksi meza moja. Njia ni ndefu, nami nikawa nawasimulia nilikofika. Kijana aliniita Mwalimu kwa ajili ya kadi zangu; mama aliniita Papa, yaani baba, kama ilivyo kwao.

"Mwalimu," kijana alikuwa akiuliza hata kabla ya kufunga mkanda, "hako katoto kameiba tena?"

Yeye alitania. Mama aliuliza kwa dhati, na haikuchukua muda nikajua kwa nini. Alikuwa amempokea binti wa kaka yake, msichana wa miaka tisa asiye na mama. Kaka mwenyewe alifungwa kwa wizi wa magari. Mahakama ilimpa mama wiki tatu aamue kama atatia saini karatasi za kumlea binti yule moja kwa moja, ama binti apelekwe kwa watu wengine. Mashemeji walikwisha kumwamulia: mtoto wa nyoka ni nyoka. Ushahidi wao ulikuwa vipande vya mkate vilivyokutwa chini ya mto wa mtoto.

"Wanasema ni damu ya kaka yangu," alisema mama. "Na miye ni damu gani? Si tulinyonya ziwa moja?"

"Mwalimu, ficha funguo za gari!" kijana akapiga kelele, na mama akamchapa begani kwa glavu.

"Lakini mama," kijana aliendelea, "si husemwa pia mtoto umleavyo ndivyo akuavyo?"

"Wanasema yote mawili, mwanangu. Inategemea mtoto ni wa nani."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimefika sura ya mkate. Jaji anauacha mkate mezani, anajificha nyuma ya pazia na daftari lake, na mtoto anauchukua.

"Umeiandika wapi?" mama aliuliza.

"Upande wa damu."

"Siku ile alikuwa amekula nini?"

Sikujua. Wakati wa chakula cha mchana nilitafuta, kitabu kikiwa kwenye mapaja, nikakuta sentensi moja niliyoiruka: mtoto alinyimwa chakula tangu jana yake kwa kukosea Kilatini. Nilimpa mama jibu palepale mezani.

"Basi andika njaa, Papa."

"Hakuna safu ya njaa."

"Chora."

Nilichora. Jumapili nilirudia kadi zote tangu mwanzo, na matendo kumi na moja yakahamia safu ya tatu. Mama naye alifanya la kwake: aliweka kikapu cha mkate kando ya kitanda cha binti. Siku ya kwanza kiliisha. Siku ya tano kilibaki kimejaa, na chini ya mto hapakuwa na kitu.

Kitabu nilikimaliza siku moja kabla ya ile ya kutia saini. Mtoto, akiwa sasa kijana wa miaka kumi na tisa, anaichoma nyumba, na jaji yumo ndani. Asubuhi yake, mama akiwa bado anateremka ngazi za nyumba yao, kijana wa Kikenya alininong'oneza, "Mwalimu, leo sema hujamaliza." Lakini mama aliuliza, nami sikuweza. Nilisimulia yote, moto na yote.

Tulipokuwa tukivuka mto, mama aliuliza:

"Kuna siku huyo jaji alikula naye meza moja?"

Nilimwomba anisubiri hadi mapumziko. Nilipitia kadi moja baada ya nyingine. Jaji alimpima mtoto kichwa kwa utepe, alimpima uzito kila mwezi, aliandika alivyolala na alivyolia.

"Hapana," nilimwambia. "Hata mara moja."

"Basi ile mtoto hakulelewa. Alifugwa." Alifunga boksi lake, akavua glavu, akaenda kumwomba msimamizi ruhusa. Saa saba mumewe alikuja kumchukua kwa gari.

Kesho yake aliingia garini na bakuli lililofunikwa kitambaa.

"Nimetia saini," alisema. "Haya ni maandazi, amepika binti mwenyewe. Anasema ni ya mzee wa kitabu."

Kijana alikuwa amekwisha funua. Maandazi sita, la juu limeng'atwa upande mmoja, alama za meno madogo zikionekana wazi.

"Mwalimu, hii sasa ni damu ama ni malezi?"

"Endesha, Papa," mama alisema, akicheka. "Asubuhi alikataa uji."

Nikawasha gari. Kadi zilikuwa nyumbani, lakini safu niliijua.