Binti wa Dalali Ajifunza Kunyamaza

Darla Hoekstra alikuwa binti wa dalali wa ng'ombe, na kwao, mashambani Iowa, Marekani, kimya kilikuwa hasara. Baba yake akipanda jukwaa la mnada, maneno yalimtoka kama mahindi yanayomwagwa ghalani, maana akinyamaza tu, wanunuzi wanaanza kufikiria mifuko yao. Darla alikulia humo. Kwa hiyo alipopewa darasa lake la kwanza la sayansi ya udongo pale chuoni, naye mwenyewe bado akisomea shahada ya pili, aliuliza maswali na kuyajibu kabla mwanafunzi hajamaliza kupiga mwayo.

Mwisho wa muhula wanafunzi waliandika maoni. Mmoja aliandika, "Anajiuliza, anajijibu, sisi watazamaji tu." Profesa Whitcomb, mwenye somo, alimwambia kwa upole kwamba muhula ujao atakuja kukaa nyuma siku ya kwanza. Akikuta mambo ni yale yale, Darla atashuka maabara kuchekecha udongo, na darasa atapewa mwingine. Darla alilipenda lile darasa.

Asubuhi ya muhula mpya alimkuta ofisini Lourdes Pacheco, mwenzake aliyefundisha miaka mingi kumzidi, akipaka jibini kwenye mkate.

"Chumba umekwenda kukiona?" Lourdes aliuliza.

"Nimekiona. Viti nimevipanga duara."

"Majina yao?"

"Picha zao nimezitazama mpaka nimewaota."

"Haya. Bado ugonjwa wako."

"Ugonjwa gani?"

"Wa mdomo, dada." Lourdes akamsukumia chupa ya maji. "Ukishauliza, kunywa. Wasipojibu, kunywa tena. Mwenye maji mdomoni hawezi kujijibu."

"Na yakiisha?"

"Utakimbilia chooni, watajibu kwa huruma."

Darasani, Profesa Whitcomb alikuwa ameshakaa nyuma, miwani puani. Darla akawasalimu wanafunzi, akauliza: mvua ikinyesha usiku, shamba moja maji husimama siku tatu, la jirani asubuhi hakuna kitu. Kwa nini?

Akanywa.

Kiti kimoja kikatoa mlio. Akanywa tena, ulimi unamwasha. Mdomo ulipozibwa, ikabidi macho yafanye kazi, na macho yake yalikuwa ya mnadani. Baba yake hakungoja mtu apige kelele. Kofia ikiinama kidogo, kidole kikicheza, huyo ameshaongeza bei. Akaona kalamu ya kijana mmoja ikiinuka, ikasita, ikalala.

Akameza. "Tobin, una kitu wewe."

"Mimi? Sijanyosha mkono."

"Kalamu yako imenyosha."

Wenzake wakacheka. Tobin akajikuna shingo. "Labda huyo jirani kafukia mabomba ya kutolea maji chini ya shamba. Babu yangu anayo, maji hayakai."

Darla alikuwa na jibu lake tayari, la udongo wa mfinyanzi, limefika kwenye meno. Akalisukuma chini kwa maji.

"Nina mabomba hapa," akasema, na sauti ya baba yake ikamponyoka bila kutaka. "Mabomba, mabomba. Nani anaongeza?"

"Mimi," akasema msichana mmoja, Marlys. "Mabomba bila kujua udongo ni kazi bure. Kwetu mfinyanzi mtupu, bomba lipo na bata wanaogelea."

"Kwenu mlilifukia vibaya," Tobin akamwambia.

"Njoo ulifukue basi, fundi."

Ikawa mnada kweli. Mwingine akaleta mteremko, mwingine mchanga.

Baadaye Darla aliingia ofisini mbio, akaitupa chupa mezani, tupu.

"Somo limekwendaje?" Lourdes akauliza.

"Sijafundisha hata nusu. Muda umekwisha na bado wako mlangoni wanabishana."

"Na Profesa?"

"Yuko nao, anatetea mchanga. Kaniambia wiki ijayo nije na chupa kubwa zaidi." Darla alikuwa ameshashika kitasa. "Sasa nipishe, chupa nzima imo tumboni; nitazungumza nikirudi."