Barua ya Eliza Niliyoinakili Mara Nne

Nawasimulia mwenyewe kwa sababu wengine mmeshalisikia jambo hili kwa vinywa vya watu, na vinywa vya watu vimelipamba. Afadhali mnicheke kwa ukweli. Ilikuwa zamani za Mwingereza, mimi mwalimu wa shule ya kati ya misheni hapa Njombe, suti yangu moja, najiona najua kuandika kuliko makarani wote wa boma (kiburi kile, Mungu anisamehe).

Mwaka ule chuo cha uuguzi kilitaka wanafunzi, na kila mwombaji awe na barua ya sifa kutoka kwa mwalimu wake. Wa kwanza kuja alikuwa Eliza Sanga, binti wa wakulima wa Ipelele, aliyekaa bweni kwetu. Nilimwandikia Jumamosi nzima. Nikaeleza jinsi surua ilivyoingia bwenini, na Eliza peke yake, naye ndiyo kwanza apone, akawauguza wenzake kumi na mmoja siku nne, akiwanywesha uji kwa kijiko, asife hata mmoja. Nikamalizia kwamba huyu ni bora kuliko wote niliopata kuwafundisha. Ilikuwa kweli tupu.

Basi, kesho yake baada ya ibada, mzee wa kanisa, baba wa mwanafunzi wangu Yeremia, akanishika mkono.

"Kamwene, Mwalimu. Binti wa Sanga umemwandikia. Wangu amekukosea nini?"

Ninyi mnaujua usharika wetu, ukimnyima mzee mmoja umeunyima ukoo mzima. Yeremia alikuwa mvivu wa kutajwa, sina la kumsifia, sasa nifanyeje? Nikainakili barua ya Eliza neno kwa neno, nikabadilisha jina. (Nilijua ninachofanya, sijitetei, nilidhani tu barua zile huishia kwenye faili.) Mama yake Rehema akaja na jogoo, nikanakili, wakaja wengine wawili, nikanakili, na kufika Ijumaa nilikuwa na wanafunzi watano, kila mmoja bora kuliko wote.

Siku ya usaili nikawasindikiza kwa lori mpaka Makambako, tai shingoni. Watu walijaa, wazazi na walimu wa shule nyingine, na Bwana Mganga, daktari mkuu wa chuo, Mzungu mmoja mrefu, ameketi barazani huku karani wake akisoma kila barua kwa sauti. Ya Yeremia ikasomwa, watu wakaguna kwa kusifu, nami nikajinyoosha. Ya Rehema ilipofika kwenye surua, nyuma yangu mtu akacheka. Ya tatu, karani mwenyewe akaanza kutabasamu, ya nne, umati mzima ukawa unamwitikia, "Peke yake! Siku nne!" na mimi jasho linanitiririka katika baridi ile.

Ya tano ilikuwa ya Eliza. Karani hakuisoma. Aliiinua tu juu, watu wakavunjika mbavu.

"Ni mimi," Eliza akasema, akasogea mbele. "Bwana Mganga, mimi ndiye niliyewauguza."

Bwana Mganga akanigeukia. "Mwalimu, kati ya hawa, ni nani hasa?"

Jibu lilikuwa neno moja. Lakini mzee wa kanisa alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, ananikazia macho, na mimi, mwanamume mzima, nikasema, "Wote walisaidia, Bwana."

Akalifunga faili, akawakataa wote watano, akaita shule inayofuata.

Kwenye lori Eliza hakulia. Alisema tu, "Mwalimu, si ulikuwepo? Si uliniona?"

Juma lililofuata nikaandika barua nyingine, nikakiri kila kitu, nikamwombea nafasi yeye peke yake. Jibu la karani lilikuwa mstari mmoja: "Barua yako hii tulikwisha kuisoma."

Tangu siku ile simwandikii mtu sifa ambayo sikuiona kwa macho yangu, aje nani, anune nani, na wengi wamenuna kweli. Eliza alirudi Ipelele kulima viazi na wazazi wake. Uuguzi hakuupata tena.